Mutumbwi wa Miguu Miwili

Luhwindja, tarehe 11 Juni 2024

Kwa Yaya Emérence, dada yangu mkubwa,

Salamu katika Kristo. Mimi, Delphine na watoto tu wazima. Sitarefusha salamu kwa sababu nimekasirika, na ni afadhali ulijue hilo tangu mstari wa kwanza. Kwa simu tulishindwa: wewe ulipiga kelele, mimi nikakata. Basi nakuandikia.

Benoît, dereva wa jeep inayotuletea bidhaa kutoka Bukavu, alifika shuleni jana akicheka. Mbele ya walimu wangu wote akasema: «Directeur, dada yako amekuwa baharia!» Kwamba alikuona Jumamosi, hapo chini Nyalukemba, ziwani, umevaa suruali fupi na jile ya kuelea ya rangi ya machungwa, umekaa juu ya kitu cha mitumbwi miwili ya plastiki iliyounganishwa kwa vyuma, tanga jeupe juu, upepo ukikusukuma huku wewe ukipiga mayowe. Akawauliza wavuvi. Wakamjibu: «Huyo ni mtu wa Chris, huja kila Jumamosi.»

Kila Jumamosi! Na huyo Chris ni nani, anayechukua dada za watu na kuwaketisha kwenye maji wakiwa nusu uchi?

Yaya, una miaka hamsini na mmoja. Wewe ni binti ya marehemu Papa Télesphore, katekista, ambaye hakuna mtu Nyalukemba aliyewahi kumwona bila shati la mikono mirefu. Hata kuogelea hujui. Mwanamke wa umri wako anajifunza novena, hajifunzi tanga.

Na mama? Nani anamlisha wewe ukiwa huko? Katika barua yako ya Pasaka uliniandikia kwamba aliuliza kama bado nakohoa, na kwamba nivae sweta kwa sababu ya baridi ya mlima. Nilimsomea Delphine barua ile nikashindwa kuimaliza. Mama mwenye moyo wa namna hiyo haachwi peke yake kwa ajili ya mchezo.

Kama mwanaume pekee aliyebaki katika nyumba yetu, nakuomba uache. Hapana, sikuombi. Nakuambia.

Mdogo wako,
Philémon


Bukavu, Nyalukemba, 16 Juni 2024

Philémon,

Barua yako imefika. Benoît amenipa akiangalia chini kama mutoto aliyevunja sahani. Nakujibu kwa karatasi, juu ya vile kwa simu unanikata. Karatasi hauwezi kuikata. Unaweza kuipasua, lakini utakuwa umekwisha kusoma mustari wa kwanza, na nakujua, utataka kumaliza.

Chris ni Christine. Alikuwa mwalimu wa gymnastique ku lycée, sasa amestaafu, yuko mu pension, yuko na wajukuu sita na goti moja ya kuuma. Ule mutumbwi, wenyewe wanauita katamara, aliununua kwa muzungu mumoja aliyekuwa anarudi kwao. Hivyo lala usingizi. Hakuna mwanaume aliyechukua dada yako. Kama angekuwepo, ningekuandikia pia, na ungefunga mudomo pia.

Unataka kujua ilianza namna gani? Mwezi wa pili bomba zilikuwa zimekauka. Nikashuka ku ziwa kufua mablanketi ya maman. Unajua mablanketi ya muzee mwenye hajizuii usiku? Haujui. Nilikuwa nimeinama, mugongo unawaka, na Chris alikuwa anavuta mutumbwi wake inje ya maji. Akaniambia: «Maman, nishikie hii kamba.» Nikashika. Akasema: «Umeshika vizuri.»

Philémon, niliwaza: ni lini mutu aliniambia kama nimefanya kitu vizuri? Sikukumbuka. Akasema: «Panda.» Nikapanda na pagne yangu ya kiunoni yenye maji.

Tangu siku ile nimejifunza kuogelea, juu Chris alikataa kunifundisha tanga kabla nijue kuelea. Nimepigwa kichwa na mti wa tanga. Nimeanguka mu maji mara nyingi, nikakunywa ziwa, magoti yangu yote ni ya bleu kwa kugonga. Nimejifunza kujua upepo unatoka wapi kwa masikio. Upepo ukiwa mukali, muguu moja ya katamara, ni kusema mutumbwi wa upande mumoja, inapanda juu hewani, na wewe unapaswa kutupa mwili wako wote inje, miguu imeshikwa na mukanda, kamba mu mukono. Ukiogopa, mukono unataka kuvuta. Ukivuta, munapinduka. Inafaa kuachilia kamba kidogo, na kuachilia wakati unaogopa ni kazi kuliko kazi zote nilizofanya. Wavuvi wa samaki za sambaza, wenye kufunga mitumbwi yao mitatu pamoja, wanatuchekelea: «Bamaman, muguu ya tatu mumeiuza?» Mimi nawajibu kwa matusi. Chris ananisaidia.

Maman, Jumamosi saa ine mpaka saa sita, yuko na Mapendo, jirani yetu. Mimi namushonea Mapendo nguo za shule za watoto. Masaa mawili, Philémon. Mu juma nzima.

Sasa mimi nakuuliza. Tangu tumezika Papa, umelala mu hii nyumba mara ngapi? Vakansi ya shule inaanza Julai. Wanafunzi wako wanaenda kwao. Directeur anaendaka wapi?

Sitaacha.

Emérence


Luhwindja, tarehe 8 Julai 2024

Yaya,

Tonton Élie, mzee wa familia yetu, amenipigia simu asubuhi. Alipita kwenu Jumamosi akamkuta mama ana plasta, mkono wa kulia umevunjika, na wewe hukuwepo. Jirani akamwambia uko ziwani.

Nilikuonya. Ulikuwa wapi mama yetu alipoanguka? Usinijibu, najua. Ulikuwa umekaa juu ya wavu wa mtumbwi ule ukiyumba kama bata, naye yuko sakafuni akilia. Mama ambaye hakuna barua yako hata moja isiyokuwa na salamu zake kwangu! Anayeuliza kama nimekula! Yeye ananikumbuka mimi niliye mbali, na wewe uliye karibu unamsahau kwa ajili ya upepo.

Familia imezungumza. Tonton Élie atamwendea huyo Christine na kumkataza asikuchukue tena. Hilo limekwisha. Na mama akifa, usije kulia mbele yangu.

Philémon


Nyalukemba, 14 Julai 2024

Philémon,

Kama uko mbele ya walimu wako, toka kwanza. Enda ukae mahali uko peke yako.

Maman alianguka siku ya ine ya juma, Alhamisi. Si Jumamosi. Mimi nilikuwa hapo, hatua mbili, ku mashini ya kushona, mapini mu mudomo. Alisimama kufukuza mbuzi. Hakuna mbuzi. Ile mbuzi ilikufa wakati wewe ungali unasoma primaire. Nilisikia mufupa. Nilitema mapini, nikamubeba mu mugongo mpaka barabarani, tukapanda pikipiki watatu mpaka hospitali. Jumamosi ndiyo siku Tonton Élie alifika na kuona plasta. Mengine alijipigia hesabu mwenyewe. Hakuniuliza. Na wewe haukuniuliza, uliandika «usinijibu». Basi nakujibu.

Tonton alimwendea Chris, ni kweli. Alimukuta anasugua tumbo ya mutumbwi. Chris akamwambia: «Papa, shika upande ule, inua.» Tonton akainua. Ndipo Chris akasema: «Haya, zungumza, nasikiliza.» Muzee wa watu alitoa hotuba yote ya familia akiwa ameshika mutumbwi hewani, jasho inamutoka, hajui ataushusha wapi. Amerudi kwake, kwangu hakupita.

Sasa sikia ingine.

Maman hakujui tena. Si wewe peke yako, hata mimi. Ilianza polepole, sasa ni mwaka wa tatu. Ananiita «we mutumishi». Anasema naiba sukari yake. Wakati ulikuwa unaomba kuzungumza naye ku simu nikakujibu amelala, hakuwa amelala, alikuwa hapo anauliza ile sauti ni ya nani. Ku Pasaka nilimwambia: «Maman, nimwandikie Philémon nini?» Akaniangalia, akaniuliza: «Philémon ni nani?»

Ile kikohozi niliandika mimi. Ile sweta niliandika mimi. «Amekula?» ni mimi. Kila salamu, miaka mitatu, nilikaa ku meza na kuitunga, juu nilikuwaza wewe huko mulimani unafungua karatasi na kukuta hakuna kitu, na nikakuhurumia. Leo huruma imeisha. Umeniandikia nimemusahau. Mimi! Nimekuwa mudomo ya mama yako, na wewe unanitemea mate.

Tarehe moja Agosti naondoka na Chris. Tunaenda na mutumbwi tukifuata kando ya ziwa mpaka upande wa Katana, halafu tutakaa kwa mudogo wake Rosette, kule Lwiro. Ufunguo iko kwa Mapendo. Mapendo hawezi peke yake, amekwisha kuniambia. Uko na vakansi. Ukuje ao usikuje.

Sikuombi.

Emérence


Nyalukemba, tarehe 6 Agosti 2024

Yaya Emérence,

Nilifika jioni ya siku uliyoondoka. Ulishindwa kunisubiri? Au uliona tanga ni la haraka kuliko uso wangu?

Nakuandikia mezani pako, kwenye vipande vya vitambaa vyako. Barua hii naipeleka kwenye taxi za Katana. Wamesema Rosette anajulikana.

Mama aliponiona alirudisha kiti chake nyuma. Akamwuliza Mapendo: «Huyu mtu wa serikali anataka nini?» Nikasema: «Mama, ni mimi, Philémon.» Akasema kwamba hana deni na mtu. Siku ya kwanza alikataa kula mkononi mwangu. Bugali aliitupa ukutani. Siku ya pili nilipombadilisha nguo aliniuma kidole, bado kimevimba. Nimemwosha mama yangu, Yaya. Mimi, Philémon, niliyekuwa sijui sabuni ya nyumba yangu inawekwa wapi. Nilitoka nikasimama jikoni nikalia, na hasira ikanifika kabla machozi hayajakauka.

Si ile hasira ya zamani. Ile ya mtumbwi naifuta, nilikosa, nilimsikiliza Tonton. Hii ni mpya, na ni yako.

Miaka mitatu! Mapendo ameniambia kwamba mwaka wa kwanza mama alikuwa akipoteza majina tu, nyuso alizijua. Ungeniandikia ukweli wakati ule, mstari mmoja, ningekaa mbele yake na angenitambua, hata kama ni kwa alasiri moja. Umeninyima alasiri hiyo. Ukanipa mama wa karatasi, mama asiyezeeka, anayeuliza kama nimekula, na mimi kule juu nikaridhika: mama ni mzima, ananikumbuka, hakuna haraka. Haraka ilikuwepo, Yaya, na hukuniambia. Umeniibia mama yangu, ukauita wizi huo huruma.

Usiniambie kwamba nisingekuja.

Dawa ya jioni anaitema. Wewe unafanyaje?

Philémon


Lwiro, 10 Agosti 2024

Philémon,

Dawa unaiponda na kijiko, unaichanganya na ndizi ya kuiva. Usimwambie ni dawa. Na usimame upande wake wa kushoto, upande wa kuume anaogopa.

Barua yako niliisoma nimesimama mu barabara. Nilitaka kuipasua. Unakataza nikuambie usingekuja. Basi sikuambii. Mimi sijui kama ungekuja. Na wewe haujui. Tutakaa na hiyo mpaka tukufe.

Juu ya ile alasiri, uko na haki. Mukono unaniuma kuandika hivyo. Lakini haki yako haifuti yangu. Ulikuwa na miguu, ulikuwa na vakansi, barabara ilikuwepo. Mutu anayemupenda mama yake hangojake barua imuambie maman anazeeka.

Nikuambie jambo lililotokea mu njia. Siku ya pili upepo wa kiangazi uliamka kutoka kusini, unatusukuma mugongoni, maji meusi yenye kupiga. Chris alinipa usukani. Mimi nilikuwa nakuwaza wewe, namna ulivyoandika «unamsahau kwa ajili ya upepo». Nilikuwa nakujibu mu kichwa, na hasira ikaingia mu mukono. Muguu ya mutumbwi ikapanda. Chris akapiga kelele: «Achilia! Achilia!» Nikavuta. Tukapinduka wote, tanga likalala juu ya maji kama shuka.

Nilitoka chini nikaita jina lako. Si kwa kuomba musaada. Kwa kukutukana, na sauti yote niliyo nayo, miaka yote mu sauti moja, mpaka ng'ambo nafikiri walisikia. Nikimaliza, Chris, ameshika upande mwingine, anauliza polepole: «Philémon ni nani?»

Ku ile swali nilicheka mpaka nikameza ziwa tena. Halafu nililia, Chris hakuona, uso wote ulikuwa maji.

Kuinua katamara mulipopinduka, munapanda wawili juu ya muguu iliyo chini, munashika kamba, munalala nyuma na uzito wenu wote. Hakuna kitu kinatokea. Unawaza haitainuka. Tanga limejaa maji, linakataa. Munakaa hivyo, mikono inawaka. Halafu upepo unapita chini ya kitambaa na kitu chote kinasimama mara moja, na unapaswa kupanda mbio kabla kiende bila wewe. Mwili wangu wa miaka makumi tano na moja ulifanya hivyo. Sikuomba mutu ruhusa.

Nitarudi tarehe kumi na saba. Kama maman analia jioni, umuimbie za kanisa, za luga yetu ya Mashi, si za Kifaransa.

Emérence


Nyalukemba, 18 Agosti 2024

Philémon, mwizi,

Nimeingia jana nyumba ni tupu. Matela ya kitanda cha maman imeanikwa, imesimama ku ukuta. Mapendo analia mu mulango, anasema alikukataza. Kwamba umemuweka maman mu jeep ya Benoît katikati ya mito, na mukono ulio na plasta, ku ile barabara yenye kuvunja hata watu wazima! Umemuchukua kama mutu anachukua kiti. Haukuniuliza. Karatasi uliyoacha ku meza, «Yuko kwangu», maneno mawili, Philémon, mimi niliyemubeba mu mugongo!

Na nani anamuosha huko? Delphine. Wewe utafungua shule, utapiga kengele, utavaa kravate ku shingo, na Delphine atafua mablanketi. Nawajua. Wanaume munatunzaka mama zenu na mikono ya wake zenu.

Leo nimeshuka ku ziwa. Upepo ulikuwa muzuri, Chris ameniita mara mbili. Nilikaa ku mawe. Sikupanda. Kila wakati naangalia saa, nawaza maman amekula, maman amelowa, na hakuna maman. Nilikuwa nalilia masaa yangu mawili mu juma, ukanipa juma nzima, na sijui nikae namna gani. Nakuchukia kwa hiyo kuliko kwa ingine yote.

Nirudishie.

Emérence


Luhwindja, tarehe 25 Agosti 2024

Yaya,

Ndiyo, nimemchukua. Kama ningekuuliza ungekataa, na ningetii, kwa sababu nimekutii tangu utotoni hata pale nilipojifanya natoa amri.

Njiani alilala. Tulisimama kila kilima. Benoît hakuwahi kuendesha polepole namna ile, bidhaa za watu zilichelewa siku nzima na walimtukana.

Kuhusu Delphine, aliyasema maneno yako kabla hujayaandika. Jioni ile ile aliweka beseni mbele yangu: «Mama ni wako. Maji haya hapa.» Basi asubuhi namwosha mimi, na jioni Delphine ananisaidia akipenda. Walimu wananichekelea. Na wacheke. Mama anakaa barazani, anapenda kelele za watoto wanaokuja kuandikishwa kabla ya kufungua shule na kucheza uwanjani. Anawagombeza wanaochelewa, na wao wanadhani ni mkaguzi.

Sitamrudisha, si sasa. Wewe ulikuwa naye alipokujua. Mimi niachie mwaka huu, hata kama mimi kwake ni mtu wa serikali. Sikuombi msamaha, na wewe usiniombe.

Kuna jambo ningeweza kukuficha. Tangu alipofika, kila mwanamke anayepita anamwita Emérence. Delphine, mwuza mboga, hata sista wa parokia. Anaita kwa nguvu: «Emérence! Emérence, kuja!» Mtu akikaribia anamtazama usoni, anasema: «Si wewe.» Jana aliita mpaka sauti ikakatika, akalia.

Nimekuandikia kama lilivyo.

Philémon


Nyalukemba, 29 Agosti 2024

Philémon,

Nimeisoma, nimeitupa, nimeiokota.

Miaka mitatu nilikaa mbele yake, na kijiko mu mukono, nikingoja aseme ile jina. Mara moja tu. Hakusema. Na sasa anaita huko, mulimani, kwa mwuza mboga! Nimekasirika na yeye, Philémon. Na maman mwenyewe, na plasta yake, na uzee wake, Mungu anisamehe ao asinisamehe. Hakuna mutu mwingine ninayeweza kumwambia hivyo. Ndiyo sababu nakuambia wewe.

Mapendo anasema nipande jeep leo hii, mama anakuita, mutoto gani anakawia? Hapana. Jumamosi niko ku maji. Chris ananiachia mutumbwi peke yangu, mara ya kwanza, yeye atakaa ku mawe na goti yake. Nitaenda mpaka katikati ya ziwa na nitarudi. Sitaivunja ile Jumamosi hata kwa jina langu.

Jumatatu nakuja. Ni siku ya kufungua shule, utakuwa na kazi, vizuri, sitaki kupokelewa na hotuba. Nakuja kama mugeni. Nitalala siku ine, nitarudi ku mashini yangu, nitakuja tena. Kumuosha utamuosha wewe. Mimi nitakaa karibu naye ku baraza.

Ataniita. Nitakaribia. Pengine ataniangalia na kusema: «Si wewe.» Nitavuta kiti. Nitamujibu: «Ni mimi, maman. Nimekasirika, nimechoka, na nimefika.»

Emérence